Usiipake jiki picha hiyo: anga lake halijachafuka, limefifia

Swali: "Nimeishi Uingereza miaka mingi nikifanya kazi ya kutunza wazee. Bibi mmoja niliyemhudumia hadi mwisho aliniachia picha iliyokuwa sebuleni kwake, mkabala na dirisha. Ni ya rangi za maji: nyumba ya shamba yenye paa la nyasi, mwanamke na mtoto wamesimama langoni, kuku wawili, na miti nyuma. Chini kwenye kona kuna herufi B na F zilizounganishwa. Anga lote ni la waridi kama machweo, miti ni ya buluu badala ya kijani, na karatasi ina madoa madogo ya kahawia. Tena kuna mstari wa kahawia umeizunguka picha yote. Shemeji anasema ni moshi wa makaa wa miaka hiyo, niitoe kwenye fremu niifute kwa mkate, au kwa kitambaa chenye jiki kidogo. Mwakani narudi Tanga moja kwa moja na ningependa kuitundika sebuleni. Nifanyeje isafike? Ina thamani? Na itastahimili hali ya hewa ya kwetu?"

Dada yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na bibi huyo, na ahsante kwa kuieleza picha kwa jicho la makini kiasi hiki. Nikikuelewa sawasawa, una hofu kwamba picha imechafuka, kwamba uchafu ukiachwa utaendelea kuila, na kwamba pwani itaimaliza. Hofu hiyo ya mwisho ina msingi, na nitaifikia. Ile ya kwanza haina, nayo ndiyo inayoweza kukufanya uiharibu picha kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya lolote: mkate usiutumie, na jiki usiisogeze karibu na picha hiyo hata kwa kujaribu kwenye kona.

Anga lako la waridi si machweo, wala si moshi. Kwa maelezo yako, karibu ningeapa kwamba lilikuwa la kijivu. Wachoraji wa mandhari wa zama za Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, walipotaka mawingu ya kawaida ya nchi yao, mazito na ya baridi, wengi walichanganya nili, ambayo ni rangi ya buluu, na rangi nyekundu ya udongo inayotokana na oksidi ya chuma. Nili ya wakati huo ilitoka kwenye mmea, na chembe zake huvunjika zinapopigwa na mwanga mwaka hadi mwaka. Ule udongo mwekundu ni kutu tayari. Mwanga hauna cha kuufanya. Basi buluu ikaondoka polepole, wekundu ukabaki peke yake, na wingu la mvua likageuka la waridi. Miti imepatwa na mkasa uleule kwa upande mwingine. Kijani cha majani mara nyingi hakikutoka kwenye kichupa kimoja. Kilichanganywa kwa manjano ya gamboji, ambayo ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, na rangi ya buluu, hasa buluu ya Prussia. Gamboji hufifia kwa mwanga. Manjano ikishaondoka, jani linabaki la buluu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba juu ya karatasi yako hakuna kitu cha kufuta. Kuna kitu kilichotoka, na kilichotoka hakirudi kwa kusugua.

Hili unaweza kulihakikisha kwa macho yako siku fremu itakapofunguliwa na mtu anayejua. Inua ile kadibodi iliyokatwa dirisha kuizunguka picha, utazame ukingo uliokuwa umefichwa chini yake. Kwenye picha zilizofifia namna hii huonekana ukanda mwembamba, milimita tatu au nne tu, ambako anga bado ni kijivu chenye usamawati na majani bado ni mabichi. Mpaka kati ya ukanda huo na sehemu iliyokuwa wazi huwa mkali, umenyooka kwa rula. Kila ninapouonyesha kwa wenye picha hunyamaza kwanza, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanaiona hali ya hewa aliyoichora mchoraji. Mwanamke wako langoni huenda hafurahii jioni tulivu. Huenda anatazama kama mvua inakuja.

Wala usidhani kwamba bibi huyo alikuwa mzembe. Waingereza wenyewe waligombana hadharani kuhusu jambo hili. Mwaka 1886 J. C. Robinson, aliyekuwa msimamizi wa picha za Malkia, aliandika gazetini kwamba picha za rangi za maji zinazoning'inizwa muda mrefu kwenye majumba ya maonyesho zinaharibika kwa mwanga. Wachoraji wengi walikasirika, maana walihofia wanunuzi watakimbia, na mhakiki wa sanaa John Ruskin naye akaingia kwenye mabishano. Serikali ikawakabidhi kazi wataalamu wawili, mkemia Russell na Kapteni Abney aliyebobea katika sayansi ya mwanga na upigaji picha. Walipaka rangi kwenye vipande vya karatasi, wakavitia ndani ya mirija ya kioo, wakafunika nusu ya kila kipande na kuacha nusu nyingine ipigwe na jua kwa muda wa karibu miaka miwili. Ripoti yao ya 1888 ilionyesha kwamba rangi nyekundu iitwayo karmini ni miongoni mwa zinazokimbia mapema, na kwamba nili na gamboji nazo si za kuaminika, wakati rangi za udongo zilikaa imara. Lakini jambo ambalo mimi hulirudia kila mara ni hili: rangi nyingi zilizowekwa mahali pasipo hewa wala unyevu hazikufifia, hata kwenye jua. Mwanga ndio unaoua, ila unyevu na oksijeni ndivyo vinavyouwezesha. Likumbuke hilo tukifika Tanga.

Sasa madoa. Habari njema ni kwamba karatasi nzuri za wachoraji wa wakati huo, kama zile za Whatman zilizopendwa sana, zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, kisha zikapakwa jelatini, gundi itokanayo na wanyama, ili rangi isizame. Karatasi ya namna hiyo ina nguvu kuliko ya gazeti la juzi. Mara nyingi adui yake hakutoka ndani, aliletwa na fundi wa fremu. Kadibodi ya bei rahisi ya massa ya mbao hutoa asidi, na asidi hiyo huchoma karatasi pale hasa kadibodi ilipokatwa. Huo ndio mstari wako wa kahawia: umeifuata picha kwa sababu umelifuata dirisha la kadibodi. Ukigeuza fremu ukakuta mbao nyembamba zimepigiliwa misumari nyuma, usishangae kuona kwamba hata alama za vifundo vya mbao zimepenya hadi kwenye karatasi.

Vidoa vidogo vilivyotawanyika ni jambo jingine. Vingine ni ukungu uliowahi kuota na kufa, vingine ni chembe za chuma zilizobaki kwenye karatasi tangu kiwandani na kushika kutu kwa unyevu. Kwa macho matupu ni vigumu kuvitofautisha, na hii ni sababu moja zaidi ya kutokubali dawa ya mtaani: kinachofaa kwa kimoja hakifai kwa kingine.

Shemeji yako amekupa ushauri uliowahi kutumika kweli; mkate wa kufutia karatasi ni desturi ya zamani sana, na watu walifuta penseli kwa mkate kabla ya raba. Tatizo ni kwamba chembe zake hubaki kwenye nyuzi za karatasi, zina wanga na mafuta, na kwa wadudu na ukungu hiyo ni karamu. Isitoshe, rangi za maji ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi ya mgunga, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji hata baada ya miaka mia. Wachoraji wengi wa mandhari za vijijini, hasa baada ya kampuni ya Winsor & Newton kuleta nyeupe nzito ya zinki mwaka 1834, waliweka vitone vidogo vya rangi hiyo nene juu kabisa: manyoya ya kuku, aproni ya mwanamke, ua kwenye wigo. Vitone hivyo vimekaa juujuu. Kipande cha mkate kikipita mara mbili, kuku wako hana manyoya tena.

Jiki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu siku ya kwanza itakufurahisha. Madoa yatapauka mbele ya macho yako. Lakini klorini yake hubaki ndani ya nyuzi na kuendelea kuzikata, karatasi inakuwa kavu na kuvunjikavunjika, jelatini inaharibika, na nili ile kidogo iliyosalia inakwenda nayo. Baada ya muda madoa hurudi, mara nyingine mapana kuliko mwanzo. Hakuna mtaalamu awezaye kukurejeshea picha kutoka hapo.

Nini kinawezekana basi? Mhifadhi wa karatasi aliyesomea kazi hiyo anaweza kuondoa vumbi kwa zana laini, kupima kila rangi kwa tone dogo kujua ipi itahimili maji, kupunguza ule mstari na baadhi ya madoa, kuondoa asidi na kuifunga upya kwa kadibodi isiyo na asidi. Nimesema kupunguza, si kufuta kabisa. Kurudisha kijivu cha anga na kijani cha miti hawezi. Mtu akikuahidi kwamba atakurudishia rangi, maana yake atapaka rangi mpya juu ya kazi ya mchoraji, na hapo utakuwa na picha ya mtu mwingine. Kataa.

Tena si lazima ufanye yote hayo. Madoa yasiyoongezeka hayaili picha, yanaudhi tu. Kama fedha ni ya kubana, ningeacha madoa yalivyo na kutumia nilicho nacho kwenye kadibodi mpya isiyo na asidi pamoja na ubao mpya wa nyuma, maana ile kadibodi ya zamani inaendelea kuchoma kila siku inapokaa. Fundi wa fremu mwenye ujuzi anatosha kwa hilo, mradi umwambie waziwazi: asiikate picha, asiigandishe kwa gundi wala utepe wa nailoni, na aache nafasi ili kioo kisiguse karatasi. Kabla hajatupa ubao wa zamani, upige picha mbele na nyuma. Vibandiko vya maduka ya sanaa, namba za mnada, hata mwandiko wa penseli, ndivyo vitakavyosaidia kueleza ilikotoka.

Hapo tunafika kwenye herufi BF. Ni kweli kwamba mchoraji wa Kiingereza Myles Birket Foster, aliyezaliwa 1825 na kufariki 1899, alitia saini kwa herufi hizo zilizounganishwa, na nyumba yenye paa la nyasi, watoto na kuku ndiyo dunia yake hasa. Alianza kama mwanafunzi wa kuchonga picha kwenye mbao za kuchapia, na mkono ule haukumwacha: hata kwenye rangi za maji alijenga majani na nyasi kwa vitone na mistari midogo mno ya brashi iliyokaribia kukauka. Miaka ya 1860 alihamia Witley, huko Surrey, na eneo hilohilo ndiko mchoraji mwenzake Helen Allingham alikokuja kuishi na kuchora nyumba za wakulima ambazo nyingi zilikuwa zikibomolewa au kubadilishwa. Wanunuzi wao walikuwa zaidi watu wa mijini. Sensa ya 1851 ilikwisha kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales walikuwa wakiishi mijini, na picha ya lango la shamba ukutani ilikuwa na maana kubwa kwa mtu aliyeamka kila siku kwenye moshi wa viwanda. Nadhani wewe uliyekaa ugenini miaka mingi huhitaji kuelezwa hamu hiyo.

Hata hivyo saini peke yake haitoshi. Foster alipendwa kiasi kwamba waliomwiga na waliomghushi ni wengi, na kazi zake zilichapishwa pia kwa rangi mashineni. Chukua lenzi ya kukuzia, utazame bila kufungua kioo. Ukiona mpangilio wa nukta unaojirudia sawasawa hata kwenye uso wa mwanamke na kwenye anga, huo ni uchapaji. Kwenye picha ya mkono utaona chembe za rangi zimetuama kwenye vishimo vya karatasi, mistari ya penseli chini ya rangi, na pengine mikwaruzo ya kisu mahali mchoraji alipotaka mng'ao. Ikipita mtihani huo, ipeleke kwa mtu wa mnada anayeshughulikia picha za Kiingereza za karne ya 19. Nyumba nyingi za minada hukadiria bila malipo. Nikuambie ukweli mapema: hata ikiwa ni ya Foster mwenyewe, picha iliyofifia hivi itakadiriwa chini sana kuliko iliyokaa kabatini. Ikiwa si yake, bado ni picha uliyoachiwa na mtu aliyekuthamini, na utunzaji wake ni uleule.

Tanga, sasa. Joto si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Unyevu ndio tatizo. Ukungu huanza kupata nguvu unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, na pwani yetu hupita hapo mara nyingi. Jelatini ya karatasi hiyo ni chakula chake, na pia chakula cha vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia nyuma ya vitabu. Ongeza mchwa wanaopanda ukutani. Halafu kuna mwanga. Makumbusho huweka picha za aina hii kwenye mwanga wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), tena kwa miezi michache kisha huzirudisha gizani. Jua kali la moja kwa moja hufikia laksi 100,000 hivi, na kwa kuwa madhara hujumlishwa, saa moja ya jua hilo ni sawa na saa 2,000 chini ya taa ya makumbusho. Kioo cha kuzuia miali ya urujuanimno ni kizuri na nakishauri, lakini watu hukiamini kupita kiasi: mwanga wa kawaida unaopita kwenye kioo hicho bado hufifisha nili.

Yupo mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito ninaoupenda. Henry Vaughan, mkusanyaji wa London, aliliachia jumba la sanaa la taifa la Scotland, huko Edinburgh, picha 38 za rangi za maji za mchoraji J. M. W. Turner, zikafika huko mwaka 1900 kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi wa Januari tu, wakati mwanga wa nchi ile ni hafifu kabisa. Sharti hilo liliwekwa kabla taa za umeme hazijaenea majumbani, na picha hizo bado zina rangi nzito za kushangaza.

Wewe una njia tatu. Unaweza kuitundika Tanga kama ilivyo, ukubali kwamba kilichobaki kitaendelea kuondoka na kwamba msimu mmoja wa masika unaweza kuleta ukungu. Unaweza kuiacha Uingereza kwa mtu unayemwamini, ikae gizani mahali pakavu, nawe usiione. Au, na hii ndiyo ningeichagua mimi, kabla ya kuondoka ipigwe picha ya kitaalamu, uchapishe nakala nzuri ya kutundika sebuleni, na picha halisi uisafirishe ikiwa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi na boksi la kadibodi ya aina hiyohiyo. Ukipenda, mpiga picha anaweza kusoma rangi za ule ukanda uliofichwa chini ya kadibodi na kukutengenezea nakala ya pili yenye anga la kijivu, bila kuigusa picha yenyewe.

Nyumbani, boksi hilo liwe kwenye kabati la ukuta wa ndani, si ukuta unaopigwa na mvua, lisikae sakafuni na lisifungwe kwa nailoni, kwa sababu nailoni hunasa unyevu. Kama una chumba chenye kiyoyozi kinachowaka kila siku, hapo ni bora zaidi. Kinachowashwa siku mbili na kuzimwa tatu huleta jasho, na heri usikitegemee. Fungua boksi kila baada ya miezi michache uangalie. Siku ya Idi au wageni wakija, itoe waione, kisha irudishe.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi na lazima mtu aione picha yenyewe. Ukiona ukungu wenye manyoya au unaonuka, karatasi imegandana na kioo, rangi inabanduka vipande, au picha imebandikwa gundi mgongo mzima kwenye kadibodi, usijaribu kuitoa wala kumruhusu fundi wa fremu aitoe. Ukungu uliokauka usiupulize kwa mdomo, na unawe mikono ukishaishika picha, kwani baadhi ya rangi za kijani za zama hizo zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Uingereza ipo taasisi ya wahifadhi iitwayo Icon, yenye orodha ya wahifadhi waliothibitishwa; tafuta aliyebobea kwenye karatasi, umtumie picha za mbele na nyuma, na umuombe makadirio ya maandishi kabla hujamkabidhi. Ifanye kazi hii ungali huko, kwa sababu wahifadhi wa rangi za maji ni wachache sana kwetu na safari ya kuirudisha Ulaya itakugharimu kuliko matengenezo yenyewe. Wakati unasubiri miadi, iteremshe kutoka mkabala na dirisha leo hii, uiegemeze kwenye kabati lenye giza, uso ukielekea ukutani.